Nzi wananikatikia, samaki hawagusi: ninunue ufito mpya?

MgeniWaMto: Wakuu, nimekwama. Navua trauti kwa nzi bandia, ufito namba 5 (namba ya uzito wa mshipi unaoubeba) wa futi 9. Mwezi mzima patupu. Nikirusha, nzi anaangukia miguuni, na nimeshapoteza kumi na wawili. Nafikiria ufito namba 8. Mnasemaje?

NdoanaButu: Kwanza kile kijino cha ndoana umekilaza kwa koleo? Na samaki ashikwe kwa mkono uliolowa, mkavu unamvua ute unaomkinga na maradhi. Vijana hawaheshimu samaki.

MgeniWaMto: Samaki yupi, mkuu? Sina hata mmoja.

MkonoMwepesi: Namba 8 kwa trauti wa kijito ni kumpiga mbu kwa rungu. Fikiria uso wa saa: nyuma simamisha ufito kwenye 1, ngoja mshipi unyooke wote, ndipo uje mbele usimame kwenye 10. Ukisikia "pa!" kama kiboko, umewahi, na nzi ameshakwenda.

BiUtulivu: Angalia vifundo pia. Ukitia nguvu ghafla katikati ya mrusho, mshipi unajipitia na kujifunga kifundo, uzi unapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Nzi wa ndoana namba 14 afungwe kwa uzi wa 5X (kipimo cha wembamba), na fundo lilowe mate kabla ya kukazwa, maana msuguano huunguza nailoni. Mshipi wako namba ngapi?

MgeniWaMto: Wa kawaida tu.

BiUtulivu: Kawaida ipi?

MgeniWaMto: Nailoni. Ule mnene wa njano niliutoa, unatisha samaki. Nailoni haionekani majini, kuna ubaya gani?

MkonoMwepesi: Loo! Nzi hana uzito, kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Futi 30 za mbele za namba 5 zina gramu 9 hivi. Bila hizo unarusha unyoya. Na samaki hatishiki, kwa kuwa kati ya mshipi na nzi kuna lida, yaani uzi wa futi 9 unaozidi kuwa mwembamba.

ChaiKavu: Hii chai. Nailoni tupu haimkati nzi hewani, na nzi anayeangukia miguuni hapotei. Hao kumi na wawili walikwendaje?

NdoanaButu: 😂 Uzi huu nao unakatika.

MgeniWaMto: Si chai! Walikwenda na mshipi wa njano, kwa mlio huohuo wa kiboko. Ndipo nikautoa.

ChaiKavu: Yaani ulikosa subira ya sekunde moja, ukauadhibu mshipi.

MgeniWaMto: Namba 8 nimeshaweka arubuni lakini. Si unafaa kwenye upepo?

BiUtulivu: Unafaa, na kwa samaki wakubwa. Ila ufito huo utadai mshipi wa namba 8, gramu 13 na ushee. Mshipi huo ukitua kwenye maji tulivu, trauti wanatawanyika. Rudisha wa njano. Uko wapi?

MgeniWaMto: Tumeanikia nguo.

ChaiKavu: Haya, sasa nimeamini.