Wakuu, kompyuta ya zamani (486) inalia tu, haiwaki. Naombeni ushauri

Mzee wa Randa (mtoa mada)
Habari za jioni wakuu. Nina kompyuta ya kizamani, 486 (namba ya aina ya prosesa yake), ile ya boksi la kulala. Ilikuwa inapiga kazi vizuri tu. Juzi nimewasha, feni inazunguka, skrini nyeusi, inalia pi pi pi halafu kimya. Nimechomoa RAM nikarudisha, nimepuliza vumbi, hola. Bodi ya namna hii inatengenezeka au ndiyo basi tena? Naomba majibu ya haraka. Matusi hapana.

Kokoto
Ngoja waje wataalamu.

Binti Sayari
486 zama hizi? Mkuu, tupa. Nenda Kariakoo chukua laptop mtumba uendelee na maisha. Mimi nilikuwa na Pentiamu III ya marehemu kaka, nikaililia weee, mwisho nikampa wa vyuma chakavu. Sijawahi kujuta.

Fundi Risasi
Mtoa mada, "pi pi pi" si jibu. Inalia mara ngapi? Hesabu. Pili, chipu ya BIOS (yenye programu ya kuwashia mashine) ina karatasi imeandikwa AMI au Award, yaani kampuni iliyoiandika? Tatu, weka picha ya bodi upande wa soketi ya kibodi. Kuna betri ya buluu kama kipipa hapo?

Mzee wa Randa
Mara sita. AMI. Picha hiyo hapo chini. Betri ipo, ina ukijani kidogo pembeni lakini si mbaya.

Fundi Risasi
"Si mbaya." Mkuu, mgonjwa wako ni huo ukijani. AMI kulia mara sita maana yake imeshindwa kuongea na chipu inayosimamia kibodi. Na watengenezaji walipenda kuweka betri jirani kabisa na chipu hiyo. Betri ya nikeli ikizeeka inavuja, maji yake yanatambaa chini ya rangi ya bodi na kula njia za shaba. Juu unaona kijani kidogo, chini njia zimeshakatika.

Habari njema ni kwamba imelia. Bodi iliyokufa hailii. Prosesa iko hai, BIOS iko hai.

Babu wa Tepu
Vijana mna bahati. Nchi hii 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, mtu akiwa nayo ni kama kaficha bangi. Zilipoanza kuingia kwa wingi, ofisini kwetu ya kwanza iliwekwa chumba chenye kiyoyozi, bosi mwenyewe anapepewa na gazeti. Tulivua viatu mlangoni. Kulikuwa na bwana mmoja wa masijala, akigusa kibodi anakwenda kunawa kwanza.

Kokoto
Babu 😂😂 kwani ilikuwa msikiti?

Fundi Risasi
Turudi kwenye mada. Mzee wa Randa, haraka ya nini? Kama unataka mafaili tu, chomoa diski, tutaisoma kwenye mashine nyingine, bodi uiache ipumzike. Mbona umeng'ang'ana na bodi?

Mzee wa Randa
Mafaili si shida.

Fundi Risasi
Shida ni nini?

Mzee wa Randa
Sawa. Ndani kuna kadi ndefu ya ISA (soketi za kizamani). Hiyo ndiyo inaendesha mashine ya kuchonga mbao, mtumba wa Italia. Kompyuta mpya hazina hizo soketi, na programu yake ni ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows. Mashine ni ya baba mdogo, yuko Muscat kwa matibabu, anarudi Jumamosi. Mimi ndiye niliyeachiwa karakana na oda ya milango ya watu. Hajui kama imezima.

Na kabla hamjanisema, nimeshaongea na fundi simu hapa mtaani, ameshachukua nusu ya hela. Kesho asubuhi anapiga blowa (hewa ya moto) chipu zote, halafu betri anaweka ya CR2032, ile ya bapa. Volti 3 na volti 3.6 si ndugu hao? Jamaa ni mzoefu, iPhone ngapi zimefufukia mikononi mwake.

Mama Zuhura
Mwanangu, mpigie simu baba yako mdogo umwambie. Mali ya mtu ni amana. Akifika Jumamosi akasikia kwa majirani itakuwa fedheha mara mbili.

Mzee wa Randa
Mama, mtu yuko kitandani nimpigie kumwambia hivyo? Presha ikipanda nani atajibu?

Patasi Kali
Milango ya kuchongwa na kompyuta, halafu mteja anauziwa kama ya kienyeji. Huku Unguja mlango unachongwa kwa patasi na nyundo, fundi anakaa na ubao wa mtiki miezi. Acheni hiyo mashine ife.

Fundi Risasi
Blowa hapana. Kilichokatika ni njia ya shaba, si risasi ya chini ya chipu. Utaunguza bodi ya miaka thelathini na tatizo litabaki palepale.

CR2032 ndiyo hatari zaidi. Ile betri ya kipipa inachajiwa na bodi kila ukiwasha. CR2032 haichajiwi, ni lithiamu, ikilazimishwa inaweza kuvimba hata kupasuka. Ukitaka kuiweka lazima kuwe na dayodi ya kuzuia umeme usirudi. Muulize mzoefu wako kama ana habari hiyo.

Mzee wa Randa
Anasema dayodi si lazima.

Fundi Risasi
Basi mwache na iPhone.

Kachero Mstaafu
Subirini kwanza. Hii ni CHAI, stori ya kutunga. Nimefukua nyuzi za mtoa mada. Mwezi wa nne alikuwa dereva wa daladala Mbagala, akaandika kwa mkono wake kwamba baba zake wadogo wote wametangulia mbele ya haki. Leo amefufuka mmoja, yuko Muscat, ana mashine ya Italia. Chai, tena ya tangawizi.

Kokoto
Naweka kambi hapa 🍿

Binti Sayari
Ndiyo maana nilisema tupa, roho yangu ilikataa.

Mzee wa Randa
Kachero, waliofariki ni wadogo zake baba. Huyu ni mume wa mama mdogo, ulitaka nimwite shemeji? Daladala niliacha baada ya tajiri kuuza gari. Maisha ya mtu hayakuhusu.

Fundi Risasi
Kachero, picha ina soketi ya kibodi ya duara ya pini tano, kutu iko mahali inapokaa siku zote, na milio imelingana nayo. Mtunga chai angesema "imeungua". Mimi naendelea.

Mtoa mada, chomoa umeme, kata hiyo betri leo hii. Maji yake si asidi, yako upande wa magadi, kwa hiyo tumia siki nyeupe na mswaki laini. Kisha suuza kwa maji yale ya kuongezea betri ya gari, na hakikisha muuzaji hakupi asidi, maana dukani vyote huitwa maji ya betri. Malizia na spiriti, kausha hadi kesho. Halafu weka mita kwenye mlio, pima kila njia kutoka soketi ya kibodi hadi chipu. Isiyolia imekatika, piga jampa, yaani iunganishe kwa waya.

Na soma lebo ya diski, andika namba za silinda, hedi na sekta (vipimo vya diski). Bila betri BIOS inasahau diski, utadhani nayo imekufa.

Mzee wa Randa
Nimekata, nimesafisha. Nimepima, njia mbili hazilii. Waya wa earphone unafaa?

Fundi Risasi
Unafaa, ila una rangi ya kuhami. Uunguze ncha kwanza kwa risasi hadi ishike.

Patasi Kali
Na hela uliyompa fundi simu?

Mzee wa Randa
Anasema hairudishwi, nipeleke simu yoyote.

Binti Sayari
Mimi nina Tecno haichaji. Tunaongea vipi?