Kile kidude cha kidoleni kinaweza kuonyesha kama figo mpya imepokea?

Muulizaji, Ujiji: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu figo zote zimefeli, anasafishwa damu mwezi wa nane huu, na dada yetu mkubwa kapimwa wameendana, kwahiyo tunajiandaa kupanda treni kwenda Benjamin Mkapa Dodoma maana pale wanapandikiza tangu 2018. Sasa mama alipolazwa mwaka juzi nilikuwa nakodolea kile kidude cha kubana kidoleni, kikisoma 97 roho inatulia. Kwenye upandikizaji nacho kinatosha kujua figo inapata hewa?

Nesi wa theta, Tabora: Pole ndugu yangu, na dada mpeni hongera sana. Hakitoshi. Kile kinapima oksijeni iliyobebwa na damu ya mishipa inayotoka kwenye moyo, hakijui kama imefika kwenye nyama ya figo. Nyie wa Kigoma mtanielewa, ziwa limejaa maji lakini bomba la mlimani linaweza kuwa kavu. Mshipa waliounga ukijikunja au presha ikishuka, kidole kitasoma 98 na figo inakufa njaa. Ndo maana kuna vifaa vya mwanga usioonekana kwa macho, vinawekwa juu ya figo yenyewe, vinasoma damu yenye oksijeni na isiyo nayo ndani ya nyama, maana kila moja inanyonya mwanga kivyake. Watafiti wanavitumia kubashiri figo itaamka haraka au itachelewa, ila bado sio kipimo cha kila siku. Daktari mpasuaji anaangalia wakifungulia damu, figo igeuke kuwa ya pinki, ijae, na mkojo utoke, baadae ultrasaundi ya mishipa na kreatinini, ile taka ya kwenye damu ambayo figo inatakiwa kuichuja.

Mchangiaji, Kasulu: Shangazi yangu figo ililala siku nne wakawa bado wanamsafisha damu, tulilia tukajua basi tena, ya tano mkojo ukaanza wenyewe.

Nesi wa theta, Tabora: Inatokea, hasa figo iliyokaa muda mrefu kwenye barafu bila damu. Ya ndugu aliye hai haikai sana, mara nyingi inaanza kazi mapema. Ila hata ikianza vizuri dawa za kuzuia mwili usiikatae haziachwi hata siku moja, hilo hakuna mashine inalibashiri.

Muulizaji, Ujiji: Asante sana dada. Nimemsomea dada yetu yote, kauliza kitu kimoja tu, ataamka kabla ya mdogo wake?

Nesi wa theta, Tabora: Mara nyingi ndio, maana yeye ndo anaanza kuingia. Mmoja wenu akae karibu na kitanda chake, akifumbua macho ataulizia mkojo wa mdogo wake kabla hajauliza kidonda chake.