Lugha za wazungu mitingini: "ballpark", "touch base", "table"... nisaidieni wakuu

karani_wa_makontena:
Wakuu habari za jioni. Mi niko kampuni ya klearing na fowadingi hapa Dar, miaka yote mambo yangu yalikuwa bandarini na TRA, sasa bosi kanihamishia kwa wateja wa nje, kila wiki Zoom na Wamarekani na Waingereza. Kiingereza nimesoma nacho tangu fomu wani, ripoti naandika, ila hawa jamaa wakianza kuongea utadhani kuna mechi inatangazwa. Jana Mmarekani kasema "give me a ballpark figure, then let's touch base Thursday", nikaitikia tu kama nimeelewa. Hiyo Alhamisi nipige mimi au nisubiri kupigiwa? Halafu kuna Mwingereza kila nikimtumia pendekezo anajibu "very interesting, I'll bear it in mind", nafurahi, oda siioni. Na kwenye ajenda ya wiki ijayo kuna mtu kaandika "table the demurrage issue". Hii ndo inaniuma zaidi maana demurrage ni ile tozo ya makontena kukaa kupita muda, na yetu yamekaa, hela inahesabika, inajadiliwa au haijadiliwi? Msinicheke.

mama_kwotesheni:
Tumecheka kidogo, utatusamehe 😂
Hukukosea kuhusu mechi, ni besiboli. Ballpark ni uwanja wake, na mchezaji akikimbia lazima aguse besi ndo awe salama, touch base inaanzia huko. Maana yake tuwasiliane kidogo tujue tumefika wapi. Usisubiri, Jumatano mtumie imeili umpangie saa.
Sasa ballpark figure ndo pa kuwa makini, anataka makadirio ya haraka haraka, sio kwotesheni, yaani bei rasmi ya maandishi. Watu wa kazi yetu wanaumia hapo, mtu anaandika namba moja kavu kwenye imeili, mteja anaipeleka kwenye bajeti yake, ukija na invoisi yenye storeji na tozo za kampuni ya meli anakufukulia ile imeili, hapo tena maneno hayaishi. Mpe kuanzia kiasi fulani mpaka kiasi fulani, mwambie nini kimo na nini hakimo, na uandike wazi kwamba kwotesheni kamili inafuata ukishaona nyaraka.

dogo_wa_selzi:
Bosi wangu mie ni "low-hanging fruit" asubuhi mpaka jioni, yaani wateja rahisi tuwachume kwanza. Tumeshachuma mpaka majani mzee, sasa hivi tunapanda mti

mzee_kurasini:
Kijana, hilo la table usilibahatishe, kwanza jua kaandika nani. Kwa Mwingereza kutable jambo ni kulileta lijadiliwe, kwa Mmarekani ni kuliweka kando, yaani kinyume kabisa. Sisi tumerithi ya Mwingereza, ndo maana pale bungeni Dodoma hati "zinawasilishwa mezani". Churchill kaeleza kwenye kumbukumbu zake za vita kuu ya pili, maofisa wake walitaka waraka fulani ujadiliwe haraka wakawaambia wenzao wa Marekani wanautable, Wamarekani wakaelewa unatiwa droo, wakabishana weee mpaka wanagundua kumbe wote wanataka kitu kimoja. Muulize aliyeandika, tunalijadili siku hiyo au tunalisogeza? Demareji haikusubiri.

wa_industrial_area:
Niko Nairobi, nimefanya na Waingereza kitambo. Boss, "I'll bear it in mind" hiyo ni no, amekukataa na adabu tu. Akikwambia "quite good" usifurahie sana, kwake ni sawa sawa hivi, Mmarekani ndio akisema hivyo anakusifu. Na ukisikia "with respect" jua anaona umekosea. Wacha kumtumia mapendekezo mapya, muulize straight ni nini haimfurahishi, bei ama muda, atakwambia tu.

karani_wa_makontena:
Aisee, kumbe nimekataliwa siku nyingi 😅 Asanteni sana. Ajenda kaandika yule wa London, kwa hiyo mzee_kurasini naona inajadiliwa, ila nitamuuliza hivyo hivyo maana Wamarekani nao wamo kwenye kikao. Moja la mwisho, wanaandika "by COB Friday", hiyo nimeambiwa ni mwisho wa saa za kazi, si ndo saa kumi na moja jioni?

mama_kwotesheni:
Ya wapi sasa? Saa kumi na moja jioni ya New York huku ni saa sita usiku, wakishabadilisha saa zao kipindi cha baridi inakuwa saa saba usiku. London tunawazidi masaa mawili au matatu tu. Mjibu "COB ya Dar au ya kwenu" kabla hujakubali, na kama ni ya kwao usikimbize hesabu Ijumaa mchana ukakosea, una jioni nzima.