Tor ni nani?

Kikundi: Ukoo wa Bibi Mbagala
Jumamosi usiku

Ba'mdogo Kigamboni: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mweka hazina nataka kufunga hesabu ya mchango wa kitabu. Zimebaki familia mbili. Sizitaji, zinajijua.

Baba Mkubwa: Marahaba. Zitaje tu.

Ba'mdogo Kigamboni: Kaka, moja ni yako.

Baba Mkubwa: Nilikuwa nasubiri mwezi uishe.

Dada Mkubwa: 😂😂😂

Mama: Jumatatu mwanangu anapeleka kwa mchapaji kitabu chake cha kufundisha kompyuta. Nakala 300. Mungu mwema jamani.

Dogo Segerea: Kaka upo? Nimekuandikia pembeni hujajibu

Mimi: Nilikuwa kwenye daladala, Buguruni pameganda. Sema hapa hapa.

Dogo Segerea: Hapa? Mbele ya watu?

Mimi: Sema tu.

Dogo Segerea: Ukurasa wa 47. Ile kadi inayobadilika rangi ukiibonyeza. Haibadiliki. Nimeandika kama ilivyo kitabuni, herufi kwa herufi, mara tatu. Kivinjari kinasema hakimjui tor

Baba Mkubwa: Tor ni nani?

Dogo Segerea: Ndo nauliza. Nimepekua kitabu kizima hamna tor

Mimi: Piga picha huo ukurasa nitumie.

Dogo Segerea: 📷 Picha

Mimi: Subiri.

Mimi: Subirini kidogo jamani.

Mama: Kuna nini?

Mimi: Nimeona. Kuna amri inaitwa querySelector. Ni neno moja, halikatwi. Sasa ile programu niliyopangia kurasa ilipofika ukingoni imelikata kama inavyokata neno lolote: querySelec, kistari, halafu tor mstari wa chini. Ungekuwa unasoma gazeti usingeona shida. Ila kwenye JavaScript, lugha tunayoandikia amri za kurasa za mtandao, kistari ni alama ya kutoa. Dogo ameiambia mashine: chukua querySelec, toa tor. Mashine ikauliza swali la Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa: Kumbe nimeuliza kitaalamu.

Ba'mdogo Kigamboni: Ni hapo tu?

Mimi: Nahesabu. Mpaka sura ya nne nimekuta saba.

Mama: Saba! Na hukukagua mwaka mzima huo?

Mimi: Nilikagua, mama. Mifano yote niliijaribu kwenye kompyuta kabla sijaiingiza kitabuni, ikafanya kazi. Baada ya kupanga kurasa sikuijaribu tena, nikawa nasoma kwa macho. Na macho yangu yanasoma ninachokijua, hayasomi kilichoandikwa.

Dogo Segerea: Afu ile PDF ya kwanza nayo nikinakili mistari nikabandika inagoma. Alama za kunukuu zimepinda

Mimi: Zimepinda kweli. JavaScript inazitaka zilizonyooka, ile programu inazikunja yenyewe ziwe za kupendeza. Asante dogo. Sikutanii, asante.

Ba'mdogo Kigamboni: Mimi ushauri wangu chapeni. Ndani weka karatasi ya masahihisho. Bei tumeshapatana na mchapaji, tukirudi mwezi ujao atasema karatasi zimepanda. Wangapi watagundua?

Mimi: Watakaogundua ndio niliowaandikia, Ba'mdogo. Mtoto yuko peke yake saa tano usiku, bando linaisha, hana wa kumuuliza, kitabu kinamdanganya. Atajiona mjinga yeye. Mimi nilijifunza hivyo hivyo, nusu ya siku zangu nilidhani sina akili kumbe mfano ndio mbovu.

Ba'mdogo Kigamboni: Sawa. Ila pesa za watu hizi.

Shangazi Mwalimu: Nimewasoma kimya kimya. Mwanangu, mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima. Ila Kiswahili nimefundisha miaka 31. Sura ya tatu umesema "andika kodi yako kwa usafi". Nikajua tumeingia mambo ya TRA.

Dada Mkubwa: Nimecheka mpaka mtoto kaamka

Mimi: Kazini ndivyo tunavyosema, Shangazi. Code ya Kiingereza, maandishi ya kuiamuru kompyuta, tunaiita kodi.

Shangazi Mwalimu: Na mwenye nyumba wako akija kudai kodi utampa hiyo? Lipo neno msimbo.

Mimi: Nikisema msimbo ofisini wananicheka.

Shangazi Mwalimu: Na kishikwambi walikicheka. Sensa ya 2022 nilikuwa karani, nikipita Mbagala Kizuiani watu wanalirudia hilo neno kama kichekesho cha redioni. Leo muulize mtoto yeyote nimeshika nini mkononi.

Mimi: Haya. Kitabuni msimbo. Ofisini mniache.

Mama: Wifi mbona humpi nafasi ya kupumua

Shangazi Mwalimu: Nampenda ndo maana.

Dada Mkubwa: Jamani ila huyu kabadilika. Mnamkumbuka wa zamani? Yule mtu wa Mwanza aliyemsahihisha kwenye blogu, alinuna siku mbili hata wali hakula.

Mimi: Wali nilikula.

Dogo Segerea: Mtu gani wa Mwanza?

Mimi: Basi nitawasimulia, maana ni aibu yangu na nimeshaizoea. 2019 niliandika kwenye blogu jinsi ya kutengeneza ukurasa wa kujisajili. Mtu anaweka jina na nenosiri, vyote nikavihifadhi kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa, kama vilivyo. Nikajisifu nimerahisisha. Jamaa simjui akaandika chini: ndugu, siku hiyo kanzidata ikiibwa umewagawia wezi funguo za watu wote. Nenosiri unalisaga kwanza. Unga haurudi kuwa mahindi. Mwenye nalo akija tena unamsagia upya, unalinganisha unga na unga. Na kila mtu unamtia chumvi yake, ili wawili wenye neno moja unga wao usifanane.

Baba Mkubwa: Huyo anajua kufundisha.

Mimi: Ndicho kilichoniuma. Kaeleza vizuri kwa mistari sita kuliko mimi kwa kurasa tatu. Nikafuta maoni yake. Siku mbili natafuta pa kumkosoa sipati. Njia yenyewe ya kusagia, bcrypt, ipo tangu 1999, miaka ishirini nzima mimi sina habari. Siku ya tatu nikaandika makala upya, nikamrudisha na jina lake juu kabisa. Sura ya tisa ya kitabu ndiyo hiyo, na kinu na unga wake. Nilimwomba ruhusa.

Mama: Hili hukuniambia.

Mimi: Ningeanzia wapi mama.

Ba'mdogo Kigamboni: Turudi kwenye hela. Ukipanga upya kurasa zitaongezeka?

Mimi: Hapo umegusa penyewe. Mchapaji anakunja karatasi moja kurasa 16. Sasa hivi nina 208, makunjo 13 kamili. Nikigonga 209 tu nalipia kunjo la 14, kurasa 15 tupu. Nitabana. Picha ya kadi naipunguza.

Ba'mdogo Kigamboni: 208 isizidi hata moja.

Mimi: Na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, isikutie wasiwasi, nilishaichukua Maktaba Kuu pale Bibi Titi. Haichachi.

Shangazi Mwalimu: Utapangia nini safari hii? Ile ile ya kukata maneno?

Mimi: Hapana. Kuna mzee Marekani anaitwa Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta. 1977 aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake, akaona zilivyo mbaya, roho ikamuuma. Mwaka huo huo akaanza kutengeneza programu yake mwenyewe ya kupanga vitabu, TeX. Ya bure. Ukiiambia huu ni msimbo, haiukati popote.

Mama: Alimaliza baada ya muda gani?

Mimi: Ilimla miaka, mama. Ila mimi natumia tu iliyokwisha kutengenezwa. Nipeni wiki mbili.

Mimi: Huyo mzee ana jambo jingine. Ukimwonyesha kosa kwenye kitabu chake alikuwa anakuandikia hundi ya dola 2.56. Senti 256, yaani 16 mara 16, utani wa watu wa kompyuta. Wengi hundi hawakwenda kuzitoa benki, wakazitundika ukutani.

Baba Mkubwa: Sisi tungetoa.

Mimi: Basi natangaza. Kila kosa jipya kabla ya kuchapa, natuma shilingi 2,560 kwa simu. Mradi sijaliona mwenyewe. Dogo wewe umeshachukua mbili, tor na alama zilizopinda.

Dogo Segerea: Kaka weee 🙌🏾 nalala na kitabu leo

Ba'mdogo Kigamboni: Hizo hazitoki kwenye mfuko wa mchango. Niandike kwenye kumbukumbu.

Mimi: Za mfukoni kwangu.

Shangazi Mwalimu: Yangu yapo kwenye daftari tangu Alhamisi, nilikuwa naogopa kukuvunja moyo.

Shangazi Mwalimu: 📷 Picha

Shangazi Mwalimu: 📷 Picha

Mimi: Shangazi hizi ni kurasa mbili zimejaa.

Shangazi Mwalimu: Makosa 41. "Ingine" badala ya "nyingine" peke yake mara sita.

Ba'mdogo Kigamboni: 41 mara 2,560 ni 104,960. Pole sana baba.

Mimi: Kodi umeihesabu mara ngapi?

Shangazi Mwalimu: Moja. Nilikuonea huruma, iko kila ukurasa.

Dada Mkubwa: Ngojeni. Bibi yuko hapa, Shangazi alimsomea ukurasa wa tabaruku jana. Ana neno. Naandika anavyosema.

Dada Mkubwa: "Mume wangu, umeandika kitabu ni kwa marehemu babu na bibi yako. Babu yako sawa, ametangulia. Mimi umenizika lini?"

Mama: 🙈

Mimi: Bibi!! Marehemu ni babu peke yake, nilimaanisha

Shangazi Mwalimu: Ulimaanisha. Hukuandika. Niliacha makusudi aliseme mwenyewe.

Dada Mkubwa: "Nimewaambia watu wa jumuiya mjukuu wangu kaniandika kitabuni. Wakikisoma watakuja na sanda. Na hiyo hela ya makosa mnayogawana nami naidai."

Mimi: Bibi nakutumia sasa hivi. Itasomeka: kwa bibi yangu, na kwa marehemu babu.

Dada Mkubwa: Anasema atangulie yeye hivyo hivyo, ila na jina lake liwepo, bibi wako wengi.

Baba Mkubwa: Mlipe mama kwanza. Na mimi mchango wangu umeingia sasa hivi, mweka hazina angalia simu.

Ba'mdogo Kigamboni: Nimeuona kaka, shukrani. Imebaki familia moja.