Wapenzi wa besiboli, msimu gani stori zake hazijawatoka kichwani?

Temeke_Chicago
Habarini wakuu. Najua humu wengi ni watu wa soka ila nimeona mara mbili tatu mtu anagusia besiboli nikasema ngoja nifungue uzi. Nyie mnaoufuatilia huu mchezo, hasa mnafuata nini? Mimi nikijichunguza matokeo nayasahau upesi, kinachobaki ni visa. Timu inacheza mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, karibu kila siku, kwa hiyo kisa cha jana hakijapoa kesho kinaendelea, yaani kama mchezo wa redio enzi zile, unakatishwa pale pale patamu.

Nilianza 2013, nilikuwa namhudumia mzee mmoja huku Chicago, shifti ya jioni. Macho yalishaanza kumpotea lakini alikuwa na daftari lake la mechi za Cubs, timu ya huku Chicago, kila mechi na ukurasa wake, viboksi vidogo vidogo ambavyo mwenyewe alikuwa havioni tena, basi kazi ya kuandika ikawa yangu. Akanifundisha taratibu. Kila mchezaji anayelinda ana namba ya nafasi yake, mrushaji 1, mdakaji 2, mpaka 9. Mpira ukitoka kwa 6 kwenda 4 kwenda 3 unaandika 6-4-3, hapo wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Mpigaji akikosa mpaka akatolewa unaandika K. Akiwa amesimama tu anautazama mpira wa mwisho unapita, K unaigeuza iangalie nyuma. Siku ya kwanza nilipoigeuza mzee aliinamia karatasi mpaka pua inagusa, ahakikishe kweli nimeigeuza.

Sasa katikati ya kuandika ndo stori zinatoka. Cubs walichukua ubingwa 1908 halafu basi tena. 1945 wamefika fainali, mwenye baa mmoja anaitwa Billy Sianis kaenda uwanjani na mbuzi wake, Murphy, na mbuzi ana tiketi kabisa! Wakatolewa nje eti mbuzi ananuka, na inasemekana jamaa akaapiza Cubs hawatashinda tena. Mzee alikuwa na miaka 11, yeye na kaka yake wako kwenye redio. Halafu angalieni hilo jina: 1984 Cubs wanafungwa mechi ya mwisho ya mtoano San Diego, uwanja unaitwa Jack Murphy. 2015 wanatolewa na Mets wa New York, aliyewamaliza ni Daniel Murphy, hom rani (mpira unapigwa mpaka nje ya uzio) kila mechi, mechi zote 4. Mimi mtoto wa Temeke nikishasikia mbuzi na laana na jina linalojirudia, naondokaje hapo?

Haya, na nyie mwageni visa vyenu.

dogo_wa_upanga
Mkuu hiyo ya mbuzi ni kamati ya ufundi kabisa, hata kwetu derby ikikaribia watu wanalinda mageti usiku kucha. Mimi besiboli naijua kidogo kwa sababu ya pale shule ya Azania, Wajapani walisaidia kujenga uwanja, nilikuwa nikipita naona madogo wanarushiana na glavu zao, sheria hata sizijui lakini nasimama tu. Ila mechi 162 mtu unafanya kazi saa ngapi? Na hiyo laana iliishaje, usituache njiani.

Nakuru_to_Toronto
Mimi niko Toronto, timu yetu ni Blue Jays, na msimu wangu ni wa 2025 na TULISHINDWA, na bado ndio naupenda kuliko yote. Sikilizeni hii. Usiku wa kuamkia mechi ya kwanza ya fainali na Dodgers wa Los Angeles kuna kijana wetu, Addison Barger, hakuwa na pa kulala, akalala kwa chumba cha hoteli cha mwenzake Davis Schneider, kwa kochi la kukunjua. Kesho yake anaingizwa katikati ya mechi kupiga mahali pa mwenzake, besi zote (vituo vitatu vya kukimbilia) zimejaa wenzake, akapiga nje, pointi 4 kwa pigo moja. Katika historia yote ya World Series, yaani hiyo fainali, hakuna mtu aliwahi kufanya hivyo akiwa ameingia kama mbadala. Mtu wa kulala kwa kochi!! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Na mrushaji wetu Trey Yesavage. Kijana wa miaka 22, ameanza msimu ligi za chini huko, Oktoba yuko mechi ya 5 ya fainali anawatoa Dodgers 12 kwa K (asante kwa hiyo K, sasa najua). Mechi ya 3 ilienda awamu 18 badala ya 9, hapa ikaisha karibu saa tisa usiku, Freddie Freeman akatumaliza, na asubuhi kwa basi unaona tu macho mekundu na watu wote wanajuana. Ya 7 tukapoteza 5-4 kwa awamu ya 11. Niliumwa wiki nzima, naongea ukweli. Lakini ukiniuliza leo nakuanzia na lile kochi.

mtoto_wa_mukono
Naongeza ya kwetu Uganda. 2011 watoto wetu wa miaka 11 na 12 walishinda na wakafuzu kwenda Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa mambo ya makaratasi ya umri. Wale watoto wa Kanada ambao wangecheza nao hawakuliacha, Januari 2012 wakapanda ndege mpaka Uganda wakacheza hiyo mechi hapa hapa. Mwaka huo huo timu ya Lugazi ikafuzu na ikaenda kweli, timu ya kwanza kutoka Afrika. Walifungwa na Panama, wakafungwa na Mexico, halafu wakawafunga Wamarekani wa Oregon 3-2. Hiyo 3-2 sisi tunaishika kama kombe.

Temeke_Chicago
@mtoto_wa_mukono hiyo ya Wakanada kupanda ndege imenigusa sana aisee, nilikuwa siijui.

@dogo_wa_upanga iliisha 2016. Mpigaji wa Cubs, Kyle Schwarber, anaumia goti mechi ya tatu tu ya msimu, wote tunasema mpaka mwakani, kumbe anarudi kwenye fainali anapiga kama hakuwahi kuondoka. Cubs wanachukua ubingwa wa ligi yao, ndio tiketi ya fainali, tarehe 22 Oktoba, siku ile ile aliyofariki Sianis mwaka 1970. Fainali na Cleveland wako nyuma 3-1, wakarudi 3-3. Mechi ya 7 wanaongoza 6-3 awamu ya 8, ikawa 6-4, mara Rajai Davis wa Cleveland anapiga nje, 6-6. Awamu ya 9 imeisha, mvua hiyo! Dakika 17 wamesimamisha mechi, Jason Heyward wa Cubs akawaita wenzake kwenye chumba cha mazoezi akaongea nao. Mzee wangu mvua ilipoanza akasinzia, nikamwamsha Ben Zobrist wa Cubs alipopiga ile ya kutuweka mbele awamu ya 10. 8-7. Mpira wa mwisho Kris Bryant anatabasamu hata hajauokota, anamrushia mwenzake Rizzo kwenye besi ya kwanza, Rizzo anautia mfuko wa nyuma.

Mzee hakupiga kelele. Aliniambia tu kesho nenda ukuta wa Wrigley, uwanja wa Cubs, watu walikuwa wanaandika kwa chaki majina ya wazee wao waliokufa bila kuiona siku hiyo, nikaandike la kaka yake. Nilipofika ukuta umejaa mpaka mkono unapofika, jamaa mmoja mrefu akaniandikia juu kabisa.

dogo_wa_upanga
Dah. Na hilo daftari liko wapi sasa?

Temeke_Chicago
Ninalo, watoto wake walinipa. Ukurasa wa mechi ya 7 una doa la chai awamu ya 8, pale kwa Rajai Davis. Hilo doa ni la kwangu.