Land Rover 109 Series III: nianze na chasisi au na injini?

Mkaazi_Chumbageni ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za kazi.

Nimenunua Land Rover 109 Series III ya mwaka 1977. Ilifanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Muheza, kisha ikaegeshwa kwa miaka mingi chini ya mwembe hapa Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari unafika bila kizuizi. Injini ni ile ya dizeli ya lita 2.25, inawaka baada ya kubembelezwa sana na inatoa moshi mweupe asubuhi. Bodi imenyooka kuliko nilivyotarajia.

Nataka gari la kwenda Pangani na familia, na mara moja moja kupanda Amani na Lushoto tukiwa na mizigo. Nimepanga kuweka injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, stelingi ya pawa, kuinua springi kwa inchi 2, bampa ya chuma yenye winchi, bomba la kuvutia hewa linalofika juu ya paa, na keria ndefu. Fundi niliyempata ameahidi kuziba matundu ya chasisi kwa siku mbili ili tuwahi kazi hizo nyingine. Jana, hata hivyo, nilichomeka bisibisi kwenye boriti ya nyuma ya chasisi ikazama hadi mpini. Naomba ushauri: nianze wapi, na kipi kinafaa kutengenezwa hapa hapa?

Mchomeleaji_Ngamiani amejibu:

Marahaba, mdogo wangu. Bisibisi imekwisha kukujibu.

Watu hudanganywa na bodi ya Land Rover kwa sababu ni ya aluminiamu na haishiki kutu nyekundu, lakini chini yake kuna chasisi ya chuma yenye unene wa takriban milimita 2 tu, iliyoungwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Chumvi na tope huingia humo kupitia matundu yake, hukaa, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo siku unapoona tundu, ujue upande wa ndani ulikwisha zamani. Chukua nyundo ndogo ugonge kila shubiri moja, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito kama debe lililojaa unga. Zungushia chaki kila mahali palipobadilika sauti, na usisahau ile mikono ya pembeni inayobeba bodi, mahali springi zinaposhikia, pamoja na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na viti, hasa kwenye sakafu ya miguu na chini ya nguzo za milango.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, toa kabisa tangi la mafuta lililo chini ya kiti cha mbele. Kulifunika kwa gunia lililoloweshwa si tahadhari, ni kamari. Ondoa pia betri na nyaya za altaneta.

Sasa kuhusu hizo siku mbili. Kubandika bati juu ya kutu ni kuificha tu, kwa maana unyevu unabaki katikati ya vyuma viwili na kazi ya kuoza inaendelea gizani. Kata hadi ukutane na chuma kinachong'aa, hata kama tundu la ukubwa wa kikombe litageuka kuwa la ukubwa wa sinia, kisha uweke bamba la milimita 3. Wapo wanaojivunia bamba la milimita 6. Hilo ni zito bure, na moto unaohitajika kulishika huitoboa chasisi nyembamba iliyo jirani yake. Ncha za kiraka kinachokaa ubavuni mwa boriti ndefu zikatwe kwa mshazari, mfano wa kichwa cha mkuki. Ukichomelea mstari uliosimama wima kutoka juu hadi chini, umeichorea chasisi mahali pa kupasukia siku itakapobeba magunia kwenye makorongo.

Boriti ya nyuma ibadilishwe nzima. Zinauzwa zilizokwisha kuundwa Uingereza, zikiwa na vipande vya kuunganishia, lakini fundi makini anaweza kuiunda hapa kwa mabamba yaliyokunjwa. Muhimu ni kwamba, kabla ya kukata ile ya zamani, gari likae juu ya vigingi vinne vilivyo sawa, na boriti ndefu mbili zifungwe kwa vyuma vya pembe ili zisitanuke wala kusogeleana. Pima kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia, kisha pima ulalo wa pili. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Choma vipande vifupi vifupi kwa kuruka huku na huku, uache chuma kipoe, kwa sababu joto likikusanyika upande mmoja chasisi hupinda, nawe utaligundua hilo barabarani gari linapokwenda kama kaa.

Jambo la mwisho ndilo mafundi wengi hulipuuza. Popote utakapopitisha boliti ndefu katikati ya chasisi, iwe ni kwa ajili ya boksi la stelingi au la bampa ya winchi, toboa pande zote mbili, pitisha kipande cha bomba nene ndani, ukichomelee, ndipo boliti ipite ndani ya bomba hilo. Bila bomba, kila unapokaza nati kuta za chasisi zinabonyea, nati inalegea tena, na mwaka haumaliziki kabla ya ufa kutokea.

Dereva_wa_Milimani amejibu:

Naunga mkono yote ya fundi, na nina machache kuhusu mwendo.

Ninaendesha 109 kutoka Muheza kwenda Amani tangu nikiwa kijana, na sijawahi kukwama kwa sababu gari lilikuwa chini. Tairi zake za asili za 7.50-16 ni nyembamba na ndefu, nazo hupasua tope hadi zikute udongo mgumu. Ukirefusha vishikizo vya springi ili kuliinua gari, ekseli ya mbele huinama, magurudumu hupoteza ule mlalo unaoyarudisha katikati baada ya kona, na stelingi huanza kutangatanga. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, nayo hukaa kwa pembe kali na mipira ya breki huvutika. Fungua springi zako ulizonazo, sugua kila bamba, badilisha bushi, weka shokapu mpya, kisha upime tena hamu yako ya hizo inchi 2.

Keria ndefu ipunguze pia. Mizigo ya juu ya paa kwenye kona za kupanda Soni ukitokea Mombo utaihisi tumboni. Na breki hukuzitaja hata kidogo! Una madramu ya inchi 11 yaliyolala miaka mingi; silinda za magurudumu, mabomba na mipira yote vibadilishwe kabla hujapanda mlima wowote, kwa sababu mlima huo utaushuka.

Dizeli_Pongwe amejibu:

Mimi sikubaliani na kuitupa injini mapema hivyo. Moshi mweupe asubuhi, pamoja na kuwaka kwa kubembelezwa, mara nyingi ni dizeli isiyoungua kwa sababu vyumba vina baridi. Katika injini hiyo plagi za kupasha moto kwa kawaida zimefungwa kwa mfuatano, umeme ukitoka moja kwenda nyingine, hivyo ikifa moja zote nne zinalala. Zipime moja moja. Ukitaka maboresho ya bei nafuu, weka plagi za volti 12 na kila moja uipe umeme wake. Kisha pima mgandamizo wa silinda na upeleke nozeli zinazonyunyiza dizeli zikapimwe. Injini ya mwaka 1977 ina beringi kuu tatu za krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), hizo za beringi tano zilikuja mwaka 1980, lakini ikitunzwa kwa oili safi haina aibu.

Ikithibitika kwamba imekwisha, tazama injini ya dizeli ya 200Tdi ya lita 2.5 kabla ya kuitazama Toyota. Hiyo ni ya ukoo wa Land Rover yenyewe na inakubali kufungwa kwenye gia boksi la Series bila ya wewe kuunda bamba la kuunganishia, ingawa utahitaji kuunda viti vya injini, bomba la ekzosi na nafasi ya rejeta yake. Kasoro yake ni kwamba nguvu yake ya kuvuta inakaribia maradufu ya ile ya dizeli ya zamani, na gia boksi hilo halikuundwa kwa mguu mzito. Ubora wa 3L ni spea, kwa kuwa kila mtaa wenye daladala za Hiace una fundi anayeijua. Ubaya ni kwamba bamba la kuiunganisha lazima litengenezwe na mtu wa mashine ya kukereza, si wa grainda na macho. Krenki na shafti ya gia boksi zikipishana kidogo tu, utakula klachi na beringi hadi uchoke.

Vyovyote utakavyoamua, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo nenda TRA ubadilishe taarifa kabla trafiki hajakufundisha.

Mchomeleaji_Ngamiani amejibu:

Dizeli_Pongwe amesema vyema, ila naongeza kwamba viti vya injini visichomelewe kabla chasisi haijakamilika na kupimwa ulalo.

Winchi ina uzito unaokaribia kilo 40, na huwekwa mbele kabisa ya gari. Kama huendi peke yako porini, jembe, kamba nzuri na jeki ndefu vitakutosha mwanzoni. Na utakaporudisha bodi, usiache aluminiamu iguse chuma kitupu. Kwa hewa yetu ya chumvi, vyuma hivyo viwili vikigusana ile aluminiamu hugeuka unga mweupe. Weka kipande cha mpira katikati, na utumie boliti zilizopakwa zinki.

Mkaazi_Chumbageni amejibu:

Nawashukuru sana. Leo nimeshinda chini ya gari na nyundo na chaki. Nimepata maeneo 11 yenye sauti ya debe la unga, manne kati yake katika mikono ya pembeni, na moja, kwa bahati mbaya, mahali springi ya nyuma kushoto inaposhikia. Nilipofungua tundu la kutolea maji chini ya boriti ndefu ya kulia, lilikuwa limezibwa na tope lililokauka. Nililichokoa kwa waya, na magamba ya kutu pamoja na udongo mwekundu wa shambani vikajaza nusu ndoo.

Plagi mbili kati ya nne zimekufa, kwa hiyo injini inabaki kwa sasa. Fundi wa siku mbili nimemwambia asije. Swali langu lililobaki ni dogo: ndani ya chasisi nimemwaga maji baridi hadi yakatoka meupe. Je, niipake mafuta ya kuzuia kutu wiki hii, au nisubiri?

Mchomeleaji_Ngamiani amejibu:

Subiri. Choma viraka kwanza, kwa sababu mafuta yaliyomo ndani yatashika moto na kuharibu chomeleo. Ukimaliza, acha matundu yote wazi siku kadhaa za jua, ukipata mashine ya upepo pulizia humo ndani, ndipo unyunyize mafuta mazito hadi yaanze kudondoka kwenye matundu ya maji. Na uwahi kabla ya masika, maana mwezi wa nne hapa kwetu hata chumvi ya mezani haikauki.