Mpini wa pampu ndogo ya baiskeli haukai ukifungwa, unachomoka njiani. Naomba ushauri

Pedali_Usukumani

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni.

Nina pampu ndogo ya mkono, ile inayofungwa kwenye fremu kwa skrubu mbili pembeni ya kishikilia chupa. Mpini wake una kufuli ya kugeuza: unausukuma ndani hadi mwisho, unauzungusha kidogo kulia, unalia "ta", unatulia. Siku hizi hautulii. Nikipita barabara yetu ya vumbi, ambayo kiangazi inakuwa makunyanzi mwanzo mwisho, mpini unajigeuza wenyewe na kutoka nje. Juzi ulitoka wote, fimbo ya ndani ikawa inagonga krenki. Naogopa siku utaingia kwenye spoki nikiwa mteremkoni.

Upepo bado inajaza vizuri. Kuiacha nyumbani siwezi, miba ya migunga huku haikupi nafasi hiyo. Muuzaji ananiambia ninunue nyingine tu. Naomba kujua, hii kufuli inatengenezeka? Na kama ni kununua, niangalie nini kwenye mpini?

Nawasilisha.

Zungusha

Mkuu, umekagua ile lachi ya kichwani inayobana vali? Yangu ilikuwa inaachia, nikabadilisha raba ya ndani ikapona kabisa.

Fundi_wa_Kona

@Zungusha hiyo ni kufuli nyingine, ndugu. Lachi ya kichwani inabana vali wakati unajaza. Anayoulizia mwenzetu ni ya upande wa pili, inayozuia mpini usitoke wakati pampu imepumzika kwenye fremu. Ikiharibika, upepo utajaa kama kawaida, kama alivyosema.

Sasa mkuu Pedali, pole. Kwa maelezo yako hiyo ni kufuli ya pini na mfereji. Shingoni mwa silinda kuna kijipini kimoja au viwili, na ndani ya mdomo wa mpini kuna mfereji uliokata kona mfano wa herufi J. Pini inaingia wima, unageuza, halafu mpini unarudi nyuma kidogo na pini inalala kwenye kishimo. Huko kurudi nyuma ndiko kufunga kwenyewe. Watu wengi wanadhani kugeuza ndiko kunafunga, ndiyo maana wanazidi kukaza kwa nguvu hadi wanapasua plastiki. Lazima kiwepo kitu kinachousukuma mpini nje muda wote, ili pini ing'ang'anie kishimo. Pampu nyingine zina springi ndogo, nyingine zina pete ya raba tu. Raba ikikauka au ikibonyea, pini inaelea kwenye mfereji, mtikisiko unaigeuza polepole, na mpini unatoka.

Jaribu hivi. Funga mpini, kisha usukume ndani kwa dole gumba. Ukiingia kidogo na kurudi wenyewe, raba yako ni nzima, basi chungulia kishimo kama kimelika. Ukiingia ukabaki hukohuko, raba imekwisha, na hiyo dawa yake ipo.

Tafuta tyubu kuukuu, nyembamba kiasi cha kuibana silinda. Kata pete yenye upana wa milimita 2 hadi 3, ivishe shingoni mwa silinda pale mdomo wa mpini unapokomea. Funga. Kama mpini haufiki mahali pa kugeukia, pete ni pana, ipunguze. Unachotafuta ni mpini ukatae kidogo, usukume, ndipo ugeuke. Hapo raba inafanya kazi ya springi.

Kabla ya hayo safisha mfereji kwa mswaki mkavu. Mchanga ukijaa humo pini haifiki kwenye kishimo hata uweke raba mpya. Usipake mafuta kwa nje, vumbi litaganda na utarudi palepale. Grisi ni ya ndani, kwenye pete ya pistoni, na bora iwe ya silikoni. Mafuta ya mgando watu wanatumia, ila raba ya asili huvimba ikikaa nayo.

Kishimo kikiwa kimelika hadi kona imekuwa mviringo, usihangaike. Hapo muuzaji yuko sahihi.

Mama_Kilele

Naongezea kwa Fundi. Kaka, mpini umeuelekeza wapi? Kama unatazama chini kwenye krenki, uzito wake wenyewe unasaidiana na mtikisiko kuutoa. Igeuze pampu, mpini utazame juu upande wa usukani. Ukifunguka, hauna pa kudondokea, na uko mbali na krenki na cheni.

Halafu ule mkanda wa kunata, wengi tunaufunga kwenye silinda. Silinda haiendi popote, imeshikwa na skrubu. Kama urefu unaruhusu, uzungushe kwenye mpini.

Pedali_Usukumani

Asanteni sana. Nimesukuma kwa dole gumba, unaingia na kubaki hukohuko. Kishimo kinaonekana bado kina kona kali. Na ni kweli dada, mpini ulikuwa unatazama chini, ndivyo nilivyofungiwa dukani.

Fundi, swali moja. Jirani ana pampu ambayo mpini unafungwa kwa nyuzi kama za bolti, hauna pini. Hiyo ni bora kuliko yangu?

Mzee_wa_28

Wanangu, marahaba. Sisi wa baiskeli za 28 pampu ilikuwa ndefu, ikikaa kati ya vijiti viwili vilivyochomelewa kwenye fremu. Springi ilikuwa ndani ya mpini. Unaiminya pampu, unaipachika, springi inasukuma kila upande na haitoki. Ni kanuni ileile anayoeleza Fundi, lazima kitu kisukume. Ikilegea tulikuwa tunavuta springi irefuke kidogo, inaendelea. Wosha ya ngozi tulikuwa tunailainisha kwa mafuta ya cherehani, inatanuka na kukamata upepo.

Fundi_wa_Kona

Shikamoo mzee, umemaliza.

Pedali, ya nyuzi ni nzuri nyuzi zikiwa za chuma au alumini. Kujifungua kwake ni kwa taratibu, kwa hiyo ukiizoea kuikagua unaiwahi. Za plastiki naziogopa, punje moja ya mchanga inazikwangua. Kuna na za tatu ambazo mpini unashikwa na msuguano wa raba tu, unasukuma basi. Kwa barabara ya vumbi usiziguse.

Ukienda kununua, funga mpini hapo hapo dukani, shika silinda na uitikise kwa nguvu, kisha fanya lile jaribio la dole gumba. Na chagua yenye mpira wa kuunganisha badala ya kichwa kinachokaa moja kwa moja kwenye vali, maana kila ukisukuma, vali inayumbishwa na tyubu inachanika shinani. Kama baiskeli yako ni ya gia yenye tairi nene, inataka psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 30 hadi 40 hivi, pampu ndogo yoyote nzima inafika.

Zungusha

Nimejifunza. Hiyo pete ya tyubu anaitoa wakati wa kujaza au inabaki?

Fundi_wa_Kona

Inabaki, tena inapokea kishindo cha mpini unapofika mwisho. Cha kuangalia ni kwamba ukifungua, ugeuze hadi pini itoke kabisa kwenye mfereji kabla hujaanza kuvuta. Ukivuta ikiwa nusu, unavunja ile kona ya kishimo, na pete haitakusaidia tena.